Zafarani ya babu, safrani ya Kadutu

Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu wa Kurani Kasongo, kule Maniema, mashariki ya Kongo. Homa ikikataa kumtoka mtu, au mtoto akiwa anashtuka usiku, watu walikuja kupiga hodi kwake baada ya sala ya alasiri. Alikuwa na sahani moja nyeupe yenye ukingo wa buluu ambayo haikuliwa chakula hata siku moja. Alifungua kichupa kilichowahi kuwa cha penisilini, akatoa nyuzi chache za zafarani kwa ncha za vidole, akaziloweka katika kikombe chenye maji ya waridi, akangoja.

Kungoja kule ndiko ninakokukumbuka kuliko yote. Sisi wajukuu tuliruhusiwa kukaa mkekani ilimradi tusiseme neno. Nyuzi zilielea juu, nyekundu ya damu iliyokauka. Halafu uzi mmoja ulianza kutoa mkia wa manjano, ukashuka polepole hadi chini ya kikombe na kujikunja huko kama moshi. Kisha wa pili. Ilichukua muda mrefu mpaka kikombe kizima kiwe na rangi ya asali. Hapo babu alichovya kalamu yake ya mwanzi na kuandika Ayatul Kursi kwenye sahani, akizunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati. Maandishi yakishakauka yalioshwa kwa maji safi, na maji yale mgonjwa akayanywa. Hilo ndilo kombe. Mimi nililinywa nikiwa na miaka minane, na mpaka leo nikifumba macho naipata ile harufu ya nyasi kavu na asali, na uchungu mwembamba uliobaki nyuma ya ulimi.

Baadaye njia zilifungwa kwa vita na zafarani ikaacha kufika Kasongo. Babu akawa anaandika kwa rangi ya chakula. Alisema herufi ni zile zile, na sina ubishi naye juu ya herufi. Ila kikombe hakikunukia tena.

Leo mimi ni muuguzi hapa Bukavu, katika kituo kidogo cha afya, mwaka wa kumi na nne sasa. Naandika haya kwa sababu wamama wananiuliza habari za zafarani, wao wanaiita safrani, karibu kila wiki: inatibu nini, inanywewaje, ni kweli inaondoa huzuni? Wanaiona kwenye simu, kwenye video za WhatsApp. Wanaijua kwa jina la Kifaransa, na hapo ndipo shida ya kwanza inapoanzia.

Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, aliniletea safrani mwaka jana. Mama yetu alikuwa amempoteza mdogo wake, amezikwa Kasongo, na kwa hali ya usalama ilivyokuwa tangu Februari 2025 hatukuthubutu kumsafirisha mama kwenda matanga. Alibaki kwangu amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, alikuwa anaipenda, akaiacha. Usiku nilimsikia akitembea sebuleni saa nane, saa tisa. Yaya akasema ameambiwa kuna dawa ya moyo uliolemewa, akapanda soko la Kadutu, akarudi na kifuko cha nusu kilo. Alifurahi, maana bei haikuwa mbaya.

Nilifungua kifuko, nikachovya kidole. Unga. Wa manjano iliyokolea, wenye harufu ya udongo wa mvua. Nikamwambia, yaya, hii ni manjano, ile tunayotia kwenye nyama. Akakasirika kidogo, akasema muuzaji amemwambia ni safrani. Na muuzaji pengine hakumdanganya kwa makusudi. Unga wa manjano watu wengi wanauita hivyo hivyo, kwa ajili ya rangi. Manjano ni mzizi, ndugu ya tangawizi, unachimbwa, unachemshwa, unakaushwa na kusagwa. Una faida zake, sitaudharau. Lakini hauna hata uzi mmoja wa zafarani ndani yake, na yote ninayoandika hapa chini hayauhusu.

Zafarani ni ua. Ua dogo la zambarau lisilopita urefu wa kiganja, na katikati yake kuna nyuzi tatu nyekundu. Tatu tu. Nyuzi hizo ndizo zafarani, mengine yote yanatupwa. Ua linachanua majuma machache tu, Oktoba na Novemba, na linachumwa alfajiri kabla jua halijalichosha. Kisha watu, wengi wao wanawake, wanakaa mezani na kuchomoa nyuzi kwa vidole, ua kwa ua. Nyuzi zikikaushwa zinapoteza karibu sehemu nne kati ya tano za uzito wake. Ili kupata kilo moja kavu yanahitajika maua kama 150,000. Kwa hiyo ile nusu kilo ya yaya, kama ingekuwa zafarani, ingekuwa maua 75,000. Nilipomwambia hesabu hiyo aliketi chini.

Na mmea wenyewe hauzai mbegu. Unaendelea kwa kigogo chake cha chini ya ardhi, kinachofanana na kitunguu, ambacho mtu anakichimbua, anakigawa na kukipanda tena. Yaani kila ua la zafarani lililopo duniani leo, kizazi baada ya kizazi, lilipita mikononi mwa binadamu. Jambo hili linanigusa kila nikiliwaza. Kiasi kama sehemu tisa kati ya kumi za zafarani yote hutoka Irani, hasa eneo la Khorasan. Inalimwa pia Kashmiri, Afuganistani kule Herat, Uhispania, Ugiriki na Moroko. Kwetu haitaki. Inahitaji kiangazi kikavu chenye joto ili kile kigogo kilale, na baridi ya kweli baadaye, wakati sisi Bukavu tunanyeshewa karibu miezi tisa.

Zafarani ya kweli ilitufikia mwezi wa nne. Binamu yetu anayefanya biashara Dar es Salaam alituma kikopo cha gramu moja, kimefungwa ndani ya soksi ya mtoto katikati ya mzigo wa vitenge. Kabla sijampa mama nilikaa nacho mezani usiku, watoto wamelala, nikafanya kama nilivyomwona babu akifanya. Nilitoa uzi mmoja na kuuangalia kwenye mwanga wa simu. Upande mmoja mwembamba, upande wa pili umepanuka kama tarumbeta, na ukingo wake una meno meno. Hiyo ni alama nzuri, kwa sababu nywele za mahindi zilizotiwa rangi hazina tarumbeta, na yale maua ya kartamu wanayouza kwa jina la zafarani yana petali nyembamba tu, sawa juu na chini. Nikauweka uzi kwenye maji baridi. Ukiona maji yamekuwa mekundu papo hapo na uzi umepauka, hapo umeuziwa rangi. Huu wangu ulikawia. Dakika tano, kumi. Halafu ukaja ule mkia wa manjano, ukashuka na kujikunja chini ya glasi, na uzi wenyewe ukabaki mwekundu. Niliutafuna mwingine. Zafarani inanukia utamu lakini ukiitafuna ni chungu, na ikiwa tamu ulimini, mtu ameipaka asali au sukari ili iongezeke uzito.

Nililia kidogo pale mezani. Ilikuwa harufu ya mkeka wa babu.

Sasa nije kwenye faida, na niseme kama muuguzi.

Ibn Sina, tabibu aliyefariki mwaka 1037, aliandika kwamba zafarani inafurahisha moyo. Waajemi wameishika habari hiyo miaka yote hii, na ni madaktari wa Tehran walioamua kuipima. Mwaka 2004 walitoa matokeo ya jaribio lao: wagonjwa 30 wenye ule ugonjwa wa huzuni ambao Tanzania wanauita sonona, majuma sita. Wengine walipewa miligramu 30 za dondoo la zafarani kila siku, wengine imipramini miligramu 100, dawa ambayo hospitali zimeitumia tangu zamani. Huzuni ilipungua kwa pande zote mbili, karibu sawasawa, na waliokunywa zafarani hawakusumbuliwa na kinywa kukauka na usingizi wa mchana kama wenzao. Mwaka uliofuata walirudia na wagonjwa 40, safari hii wakiilinganisha na dawa nyingine ya huzuni, fluoksetini ya miligramu 20. Matokeo yakafanana tena. Mwaka 2008 wakaipima kwa wanawake wanaoteseka siku za kabla ya hedhi, hasira, machozi, matiti kuuma: miligramu 15 asubuhi na 15 jioni, kwa mizunguko miwili, na waliopata zafarani walipata nafuu kuliko waliopewa kidonge kitupu.

Haya ndiyo yenye uzito zaidi. Nimeyasoma zaidi ya mara moja na ninayaamini kwa kipimo chake: majaribio madogo, ya majuma machache, mengi yake yakifanywa katika nchi moja, kwa watu wenye huzuni ya wastani. Mtu anayewaza kujiua hakuwa ndani ya kundi lile. Huyo ukimpa chai ya zafarani na kumwacha nyumbani umemtelekeza. Mlete hospitali.

Kuna mengine yanayotia matumaini. Wazee wanaopoteza kumbukumbu walipimwa kwa miligramu 30 kwa siku na wakaonyesha nafuu kidogo. Italia waliijaribu kwa wagonjwa wachache ambao sehemu ya katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imeanza kuchakaa kwa uzee, miligramu 20, na jicho likawa linaupokea mwanga vizuri zaidi. Kansa, hapana, mambo ya kansa bado yako kwenye maabara, kwenye seli na panya, na anayekuuzia zafarani kama dawa ya kansa anakula fedha ya mgonjwa. Malaria vivyo hivyo.

Kinachofanya kazi ndani yake kina majina. Krosini ndiyo rangi, ile inayoyeyuka majini na kushuka kama moshi. Pikrokrosini ndiyo uchungu. Safranali ndiyo harufu, nayo inazaliwa uzi unapokaushwa, kwa hiyo uzi mbichi haunukii hivyo. Ndiyo maana pia mwanga na joto vinaiharibu: ukiiweka kwenye kikopo cha kioo dirishani, baada ya miezi unabaki na nyuzi nyekundu zisizo na kitu. Babu alikifunga kile kichupa chake ndani ya kitambaa cheusi na kukiweka chini ya sanduku la nguo. Alijua.

Jambo la kipimo nitalikalia kidogo, kwa sababu sisi watu wa Bukavu tunapaswa kulielewa kuliko wengine. Tumekua na kinkina. Mashamba yake yako kwenye milima yetu, na hapa mjini kuna Pharmakina, kiwanda kinachojulikana kwa kutoa kwinini kwenye gome la mti huo. Kila mzee hapa anajua kwamba kwinini inaokoa, na anajua pia kwamba ukizidisha masikio yanalia na moyo unayumba. Hakuna anayetafuna gome kwa kukisia. Kwa nini basi zafarani tuinywe kwa kijiko?

Fanya hesabu nami. Maua 150,000 ni nyuzi 450,000 kwa kilo, basi uzi mmoja mkavu una miligramu mbili na kitu. Zile miligramu 30 za Tehran ni sawa na nyuzi 13 au 14 hivi kwa uzito, ingawa wao walitumia dondoo lililofungwa kwenye vidonge, si nyuzi za kikombeni. Nyuzi kumi na nne. Zinakaa kwenye ukucha wa kidole gumba. Hadi gramu moja na nusu kwa siku, watu wazima wenye afya kwa kawaida hawadhuriki, japo sioni sababu ya kufika huko. Kuanzia gramu tano inageuka sumu, mtu anatapika, anatokwa damu, anapata kizunguzungu, na gramu 12 hadi 20 zinatajwa kuwa za kuua.

Hilo linanileta kwa jirani yangu. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mtu alimtumia video inayosema mama mjamzito akinywa maziwa ya zafarani kila usiku, mtoto atazaliwa mweupe. Shemeji yake akamletea kikopo kutoka Dubai, zafarani ya kweli kabisa, na yeye akawa anachota kijiko kizima cha chai. Alikuja kituoni na tumbo linalokaza. Nilipomuuliza amekula nini, alisita, akainamisha kichwa, ndipo akasema.

Iliniuma sana. Iliniuma kwamba dawa ya babu imefika mpaka kwetu ikiwa imebebeshwa uongo huo, na iliniuma zaidi kwamba mama mzuri namna ile alitaka mtoto asifanane naye. Nilimweleza kwamba rangi ya mtoto imeshapangwa na damu ya baba na mama tangu mwanzo, hakuna kinywaji kinachoifikia. Nikamweleza kwamba nyuzi mbili tatu ndani ya pilau hazina neno, lakini zafarani nyingi inakaza mji wa mimba, na tangu zamani wanawake waliitumia kwa wingi kuteremsha damu iliyochelewa na hata kutoa mimba. Tulimlaza, tukamwangalia mpaka kesho yake, tumbo likatulia. Alijifungua salama, msichana, kilo tatu na gramu mia mbili, rangi ya mama yake ile ile. Anaitwa jina la bibi yake na ninambeba kila Jumapili.

Kwa hiyo mjamzito aitumie chakulani tu, wala asiifanye dawa. Anayekunywa dawa za kulainisha damu, au vidonge vya huzuni, amwambie daktari wake kwanza. Anayekunywa vidonge vya presha vilevile, kwa kuwa zafarani nayo yaweza kuishusha presha kidogo.

Mama yangu ni wa presha. Nilimwambia daktari wake, akakubali iwe kiasi kidogo, akataka tumpime kila juma. Naye alikuwa amemwanzishia mazungumzo na mtu wa saikolojia, mwanamke mpole anayejua Kiswahili cha Maniema, jambo ambalo naliona lilimsaidia mama kama zafarani au kuizidi. Sitaki msomaji aniamini zaidi ya nilivyoona.

Niliitengeneza hivi. Nyuzi kumi na mbili, nazisaga kwenye kinu kidogo pamoja na chembe chache za sukari, maana sukari inazikwaruza zikawa unga. Namimina maji ya moto yaliyotulia kidogo, yasiwe yanachemka, nusu kikombe. Nafunika kwa kisahani. Naziacha dakika ishirini wakati nazima mbabula, lile jiko la makaa, na kuwalaza watoto. Baadaye naongeza maziwa ya uvuguvugu. Mama anakinywa saa mbili za usiku.

Usiku wa kwanza hakunywa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakinusa, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Hii ni nyumba ya baba." Akaanza kunieleza jinsi yeye na mdogo wake, yule marehemu, walivyotumwa kwa jirani kuomba maji ya waridi, na mdogo wake akayamwaga njiani, na wakarudi wamejazia chupa maji ya kisima, na babu akaandika kombe kwa maji yale bila kusema kitu. Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu habari ya msiba ifike. Halafu akalia, kwa sauti, kama watu wanavyolia matangani, na yaya akaja kutoka chumbani, tukalia wote.

Katika juma la tatu alianza kulala hadi saa kumi na moja. Katika juma la tano aliniuliza kwa nini sombe yangu haina mawese ya kutosha. Presha haikuyumba.

Kikopo kinaelekea kwisha. Juzi usiku nilichelewa kazini, nikamkuta jikoni, amevaa miwani, amezimwaga nyuzi kwenye sahani nyeupe na anazihesabu kwa ncha ya kiberiti. Nikamuuliza zimefika ngapi.

"Leo nakunywa kumi," akasema. "Mbili nimeziweka za pilau ya Idi, watoto wainuse."